Maombi Yasiyotaja Chai

Ilianza kama kikohozi. Mtu alivuta kamba, injini ikakoroma, ikafa. Akavuta tena, ikafa. Mara iliyofuata ikashika, na mngurumo wake ukapanda mteremko hadi kwenye dirisha la sebule, nilipokuwa nimeketi na rasimu ya tasnifu yangu. Msumeno wa injini si jambo geni Boito. Haipiti wiki bila mtu kukata mikaratusi ya kuni za kiwanda cha chai, na sikio la aliyekulia huku hujifunza kuupuuza kama linavyopuuza mvua ya alasiri. Kilichonishtua ni upande ulikotoka. Ulitoka chini ya nyumba, karibu mno, katika kishamba cha chai cha mama yangu.

Mama alikuwa jikoni akichambua mboga na kusikiliza redio. Nilitega sikio nikitarajia kwamba angesimama, aende mlangoni, aulize ni nani huyo. Hakusimama. Aliongeza sauti ya redio.

Nilijua ni nani. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Fort Ternan na ana familia yake huko, alikuwa amenitumia ujumbe siku iliyotangulia: fundi wa msumeno angekuja Alhamisi kuangusha miti ya kivuli ili trekta lipate pa kugeukia, na trekta lenyewe lingefika Jumatatu kung'oa chai. Nilikuwa nimemjibu kwa neno moja, sawa. Hata hivyo niliteremka. Nilijiambia kwamba naenda kuhakikisha mti haudondokei ua wa jirani.

Fundi aliponiona alizima mashine, akavua kofia.

"Dada, habari ya asubuhi. Nimesimamisha. Kuna shida?"

Mgrevilia wa kwanza, mmoja wa ile miti ya kivuli, ulikuwa tayari umelala juu ya michai, matawi yake yakiwa yameigandamiza kama mtu aliyemlalia mwenzake kitandani. Shina lilikuwa limebaki jeupe, likitoa maji. Nilitazama mti uliofuata, nikamtazama yule mtu, ambaye alikuwa akinisubiri kwa adabu, mkono ukiwa juu ya kamba.

"Hapana," nikasema. "Endelea."

Naandika maneno hayo mawili polepole, kwa sababu ndiyo ninayotaka kuyaelewa. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema. Mashine ilikuwa imezimwa na kulikuwa na utulivu wa kutosha kusema mengine.

Kishamba hicho si kikubwa. Ukisimama penye tangi la maji unakiona chote, kuanzia ua wa juu hadi kijito. Baba alikipanda mwaka nilioanza shule, akakiandikisha kwa jina la Mama, naye Mama akapata nambari yake mwenyewe kwenye kituo cha kupokelea majani, jambo ambalo siku hizo si wanawake wengi wa kwetu walikuwa nalo. Baba amefariki sasa. Chai nyingine ya nyumbani huchumwa na vibarua. Hiki Mama hamwachii mtu. Huingia asubuhi kungali na umande, kikapu mgongoni, mkononi akiwa na ule ufito wa kusawazishia meza ya chai, yaani usawa wa juu wa michai, ufito ambao siku hizi anauegemea kama mkongojo kwa sababu magoti yake yamechoka. Akifika mwisho wa mstari husimama kidogo akijishika kiuno. Sisi watoto wake tumemwona akijishika kiuno kwa miaka, na hapo ndipo wazo letu lilipozaliwa.

Lilikuwa wazo jema. Nalisema hivyo bila kejeli. Kaka yangu alikuwa ameona kwa jirani yake maparachichi ya kupandikiza, miti mifupi ambayo mtu huchuma akiwa amesimama wima, tena kwa msimu, si kila wiki. Kwa nini Mama aendelee kuinama? Tung'oe chai, tupande maparachichi, Mama apumzike. Aliitisha mkutano Jumapili moja baada ya kanisa, nasi tukakaa sebuleni: yeye, mimi, Mama, na Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye tangu msiba ndiye anayeongoza mazungumzo yote mazito ya nyumba yetu.

Kaka alieleza juu ya miti. Mimi nilieleza juu ya magoti. Nilikuwa nimesoma makala kuhusu viungo vya watu wanaofanya kazi za kuinama, nikachapisha kurasa kadhaa, nikazipitisha kwa Baba Mdogo, aliyezishika kwa heshima huku zikiwa juu chini. Nilizungumza vizuri. Jambo hilo linanisumbua kuliko kama ningezungumza vibaya. Nilitumia maneno kama "ushahidi" na "ubora wa maisha", na nilipomaliza kaka yangu alipiga goti lake kwa kofi.

"Mmesikia Prof? Sasa hapo nani ataongeza?"

Baba Mdogo alimgeukia Mama. "Shemeji, umesikia watoto?"

"Nimesikia."

"Watoto wanakupenda."

"Najua wananipenda."

"Wengine wanaachwa hapo na chai mpaka wanazeeka kama kijiti. Wewe umebarikiwa." Akaweka kofia yake gotini. "Basi tusikae sana, mvua inakuja. Shemeji, tufungie na maombi."

Kwetu mkutano wa nyumbani hauishi kwa kupiga kura. Unaisha kwa maombi, na anayepewa kuomba hachaguliwi ovyo. Hupewa yule ambaye uamuzi utamwangukia, au yule ambaye ingekuwa rahisi anung'unike baadaye. Akishaomba, amefunga. Baada ya amina hakuna anayelirudia jambo, kwa maana kulirudia ni kama kugombana na Mungu mbele ya wageni. Nimeona mashamba yakigawanywa kwa njia hiyo, na ndoa zilizovunjika zikirudiwa. Nilidhani ni uchaji tu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni namna ya kumpa mtu kufuli na kumwomba ajifungie mwenyewe.

Mama alisimama, akafunga macho. Alimshukuru Mungu kwa kutukutanisha. Akamwombea mtoto wa jirani aliyekuwa amelazwa. Akaombea mvua, isije na mawe. Akaombea ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Akaombea safari ya kaka yangu kurudi Fort Ternan, Mungu aondoe ukungu barabarani. Akaniombea mimi: "Na huyu anayesoma, Bwana, asome amalize." Kisha akasema amina, nasi tukaitikia.

Hakutaja chai. Hakutaja maparachichi, wala uamuzi, wala kupumzika. Nililitambua hilo kabla hata hajafika kwenye amina. Nilifungua macho nikautazama uso wake, na kwa muda mfupi nilikuwa na swali mdomoni. Kazi yangu, kwa kweli, ni kusikia watu wanachoruka wanapozungumza. Nimefunzwa hivyo na nimetahiniwa katika hilo. Baba Mdogo alivaa kofia yake. Kaka akaagiza chai. Mimi nikainuka nikaileta, nikamimina vikombe vyote bila kumwaga tone.

Sasa nieleze kuhusu neno, kwa sababu bila neno hilo huenda hadi leo ningekuwa naiita siku ile siku ya makubaliano.

Tasnifu yangu inahusu nyumba za wakulima wadogo wa Soin, kule chini kwenye joto, zilizoacha mahindi na mtama zikaingia kwenye miwa, na hasa nafasi ya wanawake katika mageuzi hayo. Nilikaa huko kwa miezi nikihoji. Katika sura ya nne nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza kwamba wanawake wengi "consented", yaani waliridhia. Msimamizi wangu, mama mtaratibu anayesahihisha kwa penseli kwa sababu, asemavyo, kalamu nyekundu inatisha bila kufundisha, alilizungushia neno hilo duara kila lilipotokea, kisha akaniita ofisini.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

"Walisema, Daktari. Niliwauliza kama walikubali, wakasema tulikubali."

"Walisema ndiyo, ama hawakusema hapana?"

Nikatabasamu, nikidhani anatania. "Kuna tofauti?"

"Wewe ndiye unaandika tasnifu, mimi naandika kwa penseli." Alinirudishia rasimu. "Enda ukae na neno acquiesce. Na usiniletee maana ya kamusi, hiyo hata mimi ninayo. Niletee matumizi. Nani hulitumia, juu ya nani, na wakati gani hawezi kulitumia."

Nilitoka nikiwa nimeaibika kidogo. Nilikuwa nalijua neno hilo kama unavyomjua mtu mnayesalimiana naye kila siku bila kujua nyumbani kwao. Nilikuwa nimekutana nalo vitabuni mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimeweka "kukubali" mahali pake nikapita. Sentensi zilikuwa zimebaki na maana, kwa hiyo sikuwa nimegundua kwamba zilikuwa zimebaki na maana nyingine.

Kamusi ilisema ni kupokea jambo bila kupinga, ingawa moyo haujalitaka. Ilisema pia kwamba asili yake ni neno la Kilatini la kutulia, kupumzika. Nilianza, kama kawaida yangu, kulichunguza kupita kiasi. Aliyefungwa kamba na kuzibwa mdomo hawezi kusemwa kuwa ameacquiesce, niliandika pembeni. Hakuwa na nafasi ya kukataa. Wala aliyefurahi hawezi. Hakuwa na sababu ya kukataa. Neno linamtaka mtu mwenye mdomo, mwenye nafasi na mwenye sababu, ambaye ameviacha vyote vitatu vilale. Na halisemi kwa nini ameviacha. Inaweza kuwa ni woga, au uchovu, au adabu. Inaweza hata kuwa ni upendo.

Nikatafuta mwenzake katika Kiswahili. Kuridhia kulikataa, maana ndani yake mna radhi, na radhi ni ya moyo. Kunyamaza kulikuwa kupana mno. Mtu hunyamaza hata akila. Nikadhani nimepata nilipofikia kukubali shingo upande, kisha nikaona kwamba hapana, kwa sababu shingo iliyolala upande inaonekana. Kila aliyeketi chumbani anaiona, na akiendelea na jambo lake anaendelea akijua. Niliyekuwa namtafuta ni mtu ambaye shingo yake imesimama wima kabisa, na waliomzunguka wana ruhusa ya kusema baadaye kwamba hawakuona chochote.

Katika shule ya msingi, mwalimu wetu hakuamini kwamba mtoto anajua neno mpaka atunge sentensi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi nilikuwa nikitunga sentensi. Nilitunga moja juu ya wanakijiji na njia iliyofungwa. Nikatunga moja juu ya karani na mkubwa wake. Nikatunga moja juu ya mwanamke mmoja wa Soin, aliyeniambia kwamba siku mtama wake ulipong'olewa kwa trekta kupisha miwa alikuwa amekwenda kuchota maji, na aliporudi akawapikia wenye trekta. Hiyo ilikuwa sahihi. Nilihisi neno likikaa mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria yake, na nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, furaha ya mwanafunzi aliyeelewa.

Kisha mkono wangu ukaandika: My mother acquiesced. Mama yangu, pamoja na kitendo hicho hicho.

Nikaifuta. Nikaandika kwamba Mama alikubali. Nikaitazama sentensi hiyo, fupi na safi, isiyo na kosa lolote ambalo mtahini angeweza kuliona. Nilikuwa bado nikiitazama wakati ile injini ilipokohoa bondeni.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba sikujua. Niliteremka nikiwa na neno hilo kichwani, bado moto. Nilisimama mbele ya mtu aliyezima mashine kwa ajili yangu, nikiwa na mdomo, nikiwa na nafasi, nikiwa na sababu, nikamwambia aendelee. Nilikuwa nimejifunza matumizi ya neno juu ya wanawake wa Soin na juu ya Mama. Haikunijia, hadi mti wa tatu ulipoanguka, kwamba linaweza kuanza na mimi.

Mchana ule nilijaribu kurekebisha kwa njia ya watu waoga, yaani kwa kuuliza maswali. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni akiosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na nikakaa kando yake kana kwamba nimekuja kupunga upepo.

"Mama, ile siku ya mkutano, ulikubali?"

"Si niliomba?"

"Uliomba nini?"

Akacheka. "Niliomba mvua. Na imekuja, ama haikuja?"

"Imekuja."

"Na ng'ombe amezaa. Mungu anasikia."

"Mama, nauliza juu ya chai."

Alitikisa kibuyu, akamwaga maji, akachungulia ndani kwa jicho moja. "Mwanangu, mtu akikukosea ni rahisi kumkataa. Unamwambia toka. Sasa mtu anakuja na karatasi, amesoma usiku kwa sababu ya goti lako. Utamwambia nini huyo?"

"Ungeniambia tu."

"Ningekwambia nini mbele ya Baba Mdogo? Niseme watoto wangu ni wajinga?" Akanipa kibuyu nikishike. "Usijisumbue. Mmesema, mmesema. Wewe malizia hiyo masomo."

Nikasubiri aseme kwamba hataki. Nilikuwa nahitaji sana aseme, ili niwe mjumbe tu, ili nimpigie kaka yangu nikisema Mama amesema. Hakusema. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimekwenda kumwomba abebe hata hilo.

Ijumaa nilimsindikiza kituoni. Alikuwa amechuma upande ambao miti haikuangukia, na alikuwa amechuma kwa makini ya ajabu, majani mawili na kichipukizi, kana kwamba kile kishamba kingeulizwa maswali. Kituoni wanawake walikuwa wamekaa ukutani wakingoja lori, vikapu miguuni, na walipomwona walimpokea kwa kelele.

"Mstaafu amefika! Sogeeni, mstaafu akae."

"Mama Mwalimu, Jumatatu utatuletea avokado tupime hapa?"

"Atakuja na gari kubwa, nyinyi! Hamtamjua tena."

Mama alikuwa akicheka nao. "Nitajua nyinyi. Nitakuwa nakuja nakaa tu hapa, nawaangalia."

"Bila majani? Utasema umekuja kufanya nini?"

"Nitasema nimekuja kuona kama mnaiba kilo."

Wakapasuka kwa kicheko, mmoja akampiga begani. Nami nilikuwa nimesimama nyuma nikiwa nimeshika ufito wake. Tulikuwa tumepanga apumzishe magoti, na hatukuwa tumefikiri alasiri zake zingepita wapi. Katika kurasa zangu zote hapakuwa na ukuta huo, wala nafasi aliyosogezewa. Ilipoitwa nambari yake, alijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani, sauti ya mtu anayeitikia jina lake darasani akijua kwamba yupo.

Kuanzia hapo hadi Jumamosi nilijihoji kama mtahini mkali. Je, sikuwa naweka maneno yangu ndani ya kimya chake, kama vile tulivyoweka maneno yetu ndani ya maombi yake? Nikimpigia kaka nikamwambia Mama hataki, nitakuwa nimefanya mara ya pili kosa lile lile, nikiwa nimeligeuza tu uso. Na magoti yake je? Magoti yalikuwa ya kweli. Ule uchunguzi niliousoma ulikuwa wa kweli. Nilikaribia kujishawishi kwamba, kwa kuwa sikuweza kujua kwa hakika anachotaka, sikuwa na haki ya kusema lolote. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa na mpangilio. Kisha nikaona ilikokuwa ikinipeleka: kwenye kiti kile kile, na birika lile lile mkononi.

Nilikuwa na haki ya kusema juu ya mtu mmoja tu, na mtu huyo nilimjua.

Jumamosi alasiri, Mama akiwa kituoni, nilikwenda penye tangi ambako mtandao hushika vizuri. Nilibonyeza jina la kaka yangu, nikakata kabla haijalia. Nikatazama visiki vitatu vyeupe kule chini. Nikabonyeza tena.

"Prof! Kumbe uko hai."

"Niko. Habari za huko?"

"Joto tu. Kuna nini? Mama ni mzima?"

"Mama ni mzima. Amepeleka majani."

"Bado anachuma? Si nilisema aachane na hiyo shamba?"

"Ndiyo sababu nimepiga." Nilivuta pumzi. "Sitaki trekta ije Jumatatu."

"Mama ndiye amekutuma."

"La. Hajui hata kama nakupigia. Siongei kwa niaba yake, tumeongea kwa niaba yake vya kutosha. Naongea kwa niaba yangu. Mimi nilikubali, na sasa sikubali."

Alicheka, kicheko kifupi. "Wewe? Si ni wewe ulileta karatasi? Mambo ya magoti ni nani alitufundisha?"

"Ni mimi."

"Na Mama aliomba. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo. Unakumbuka aliomba nini?"

"Aliombea safari yangu." Akafikiri. "Na ng'ombe. Na wewe, umalize shule, maana umekaa huko sana."

"Na chai?"

Nilisikia mtoto wake akilia mbali na mtu akimbembeleza.

"Kwa hivyo mtu akiombea ng'ombe amekataa avokado?"

"Sijasema amekataa. Nasema hatukumuuliza. Tulimpa maombi afunge, na mimi nilisikia kwamba hakulitaja hilo jambo, nikaenda kuleta chai. Njoo umuulize. Nyinyi wawili, bila Baba Mdogo, bila mimi. Akisema avokado, nitashika jembe mwenyewe."

"Na miti imeshakatwa."

"Hiyo ni yangu. Fundi alizima mashine akaniuliza kama kuna shida, nikamwambia aendelee."

"Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo."

Akanyamaza. Zamani ningelipokea kimya hicho kama jibu, na ningelichagua jibu lililonifaa. Ningemshukuru, nikate simu, nikijiambia kwamba ameelewa. Mkono wangu ulikuwa tayari unashuka kutoka sikioni.

"Uko?" nikauliza.

"Niko."

"Sijasikia ulichosema."

"Sijasema kitu."

"Basi sema."

Alipumua kwa nguvu, kama mtu anayetua mzigo ambao hajaamua ataubeba tena au la. "Nitamwambia huyo wa trekta asije Jumatatu. Nitakuja Jumapili ijayo nikae na Mama. Lakini Baba Mdogo, huyo utamweleza wewe."

"Nitamweleza."

"Na usimweleze kwa Kizungu," akasema, akakata simu.